Sarafu za marehemu baba: msizisafishe, msizigawe, kwanza ziandikeni

Swali la msomaji: Baba yetu alifariki mwaka jana akaacha sanduku la bati lenye sarafu zinazokaribia mia nne. Baadhi ziko kwenye bahasha ndogo zilizoandikwa kwa penseli, nyingine kwenye albamu ya plastiki, zilizobaki zimemwagwa tu chini ya sanduku. Zipo kubwa za fedha zenye picha ya mwanamke, zipo zenye tundu katikati, zipo zenye maandishi ya Kiarabu, na ndogo mbili za manjano ambazo mjomba anasema ni dhahabu. Ndugu zangu wanataka tuzing'arishe kisha tugawane sawa kwa sawa. Mimi sijui hata pa kuanzia. Nifanyeje?

Pole sana kwa msiba. Mambo mawili wanayoyataka ndugu zako yafanywe kwanza si ya kwanza hata kidogo. Kugawana ni jambo la mwisho, na kung'arisha kusifanyike kabisa.

Sarafu ya zamani ina thamani za aina mbili. Kuna thamani ya madini, ambayo haipungui hata ikikanyagwa, na kuna thamani ya mkusanyaji, ambayo inategemea uso wa asili wa sarafu na yale yanayojulikana kuihusu. Hii ya pili inaweza kufutwa kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia ndani ya dakika moja, na hakuna fundi wa kuirudisha. Sarafu inapopigwa, metali hubanwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu, ikatiririka kuelekea pembeni na kuacha mistari myembamba mno isiyoonekana kwa macho. Mistari hiyo ndiyo inayofanya mng'ao uzunguke unapoigeuza sarafu mpya chini ya taa. Ukisugua, unaikata na kuweka mikwaruzo yako mahali pake. Mnunuzi mzoefu huiinamisha sarafu mara moja tu chini ya balbu, akaona mikwaruzo yote imeelekea upande mmoja, na bei ikashuka hapo hapo. Ndimu, majivu, dawa ya meno, magadi na maji ya sonara vyote viko kundi moja: kama havikwaruzi, basi vinakula tabaka la juu. Weusi ulioko kwenye fedha ni salfidi tu, tokeo la hewa ya miaka mingi, na ukiwa mwembamba na umetanda sawasawa wapo wakusanyaji wanaoulipia zaidi.

Kazi ya kwanza basi ni kupiga picha sanduku lilivyo kabla hujagusa kitu. Kisha piga kila ukurasa wa albamu, na kila bahasha pamoja na sarafu yake. Maandishi ya penseli ya baba ni sehemu ya mkusanyiko. Huenda yanataja aliipata wapi sarafu, mwaka gani na kutoka kwa nani, na habari hiyo ikitengana na sarafu haiunganishiki tena. Kwa hiyo sarafu ikihamishwa, bahasha yake iende nayo hata kama imechakaa. Tafuta pia daftari, risiti na barua. Wakusanyaji wengi huandika hesabu zao mahali ambapo jamaa hawategemei kuangalia, kama nyuma ya kalenda au ndani ya jalada la kitabu.

Vifaa havihitaji gharama kubwa: mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia milimita (ya plastiki ni bora kwa sababu haikwaruzi), lenzi ya kukuza mara 10, sumaku yenye nguvu, taa moja ya meza na taulo nene la kutandika. Shika sarafu kwa ukingo tu, kwa kidole gumba na cha shahada, juu ya taulo. Mafuta na chumvi ya kidole kwenye shaba huacha alama inayojitokeza baada ya miezi na haitoki. Glavu za pamba zinapendeza pichani lakini huteleza. Mikono iliyooshwa na kukauka vizuri inatosha.

Albamu ya plastiki ishughulikie siku hiyo hiyo. Inuse. Ikiwa ni laini, inanyumbulika na ina harufu kama ya pazia jipya la bafuni, basi ni PVC. Plastiki hiyo hutoa kemikali ya kulainishia pamoja na asidi, vikaacha utando wa kijani unaonata ambao polepole unakula shaba na fedha. Toa sarafu zote humo. Zenye utando zitumbukize katika asetoni safi kwenye chombo cha kioo kwa dakika chache, zitoe, ziache zikauke zenyewe. Isiwe ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, maana hiyo huwa na mafuta na manukato. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa na mbali na moto, kwa kuwa asetoni hushika moto upesi sana. Haigusi metali wala rangi ya asili ya sarafu, inayeyusha mafuta na plastiki tu, ndiyo maana haihesabiwi kuwa ni kung'arisha.

Ukiona kwenye shaba unga wa kijani kibichi mpauko unaopukutika, ambao ukiupangusa hurudi, tenga sarafu hiyo peke yake. Ni ulaji unaosababishwa na chumvi za kloridi na huendelea kila penye unyevu. Madoa ya kijani magumu yaliyotulia hayana haraka. Zilizobaki zikae kwenye vifuko vya poliesta au vya polipropilini, au kwenye vikadi vya karatasi nene vyenye dirisha la poliesta. Pini za vikadi zibonyezwe zilale kwa koleo, la sivyo zitakwaruza sarafu ya jirani. Mipira ya kufungia pesa, sufu na karatasi za gazeti havifai, kwa maana vina salfa au asidi. Weka vifuko vya silika ndani ya kisanduku na uvikaushe vikishiba unyevu. Bati lile la zamani, kama lina kutu ndani, libaki kumbukumbu tu.

Sasa utambuzi. Usipange kwa ukubwa wala kwa rangi. Panga kwa nchi au mtawala aliyezitoa, kisha thamani iliyoandikwa, kisha mwaka. Lundo la "sizijui" litakuwa kubwa mwanzoni, nalo litapungua lenyewe kadiri unavyozoea kusoma. Ugumu wa kwanza ni kwamba sarafu nyingi hazitaji nchi. Za Uingereza hubeba jina la mfalme kwa Kilatini na vifupisho vya vyeo vyake tu. Zilizoandikwa HELVETIA ni za Uswisi. Ugumu wa pili ni miaka. Kwenye maandishi ya Kiarabu, ٥ ni tano ingawa inafanana na sifuri, ٦ ni sita ingawa inafanana na saba, na sifuri yenyewe ni nukta. Mwaka wa Hijria ubadilishe kwa kuuzidisha kwa 0.97 kisha kuongeza 622. Kwa hiyo ١٢٩٩ ni 1299, yaani takriban 1882, na sarafu ya shaba yenye mwaka huo pamoja na picha ya mizani ni paisa ya Zanzibar ya Sayyid Barghash.

Jihadhari na sarafu za Dola ya Uthmaniya na za Misri ya wakati huo. Mwaka ulioandikwa kwa ukamilifu ni ule ambao sultani alitawazwa, na tarakimu nyingine ndogo ndiyo mwaka wa utawala wake. Sarafu ya Abdul Hamid wa Pili yenye 1293 na 33 haikupigwa mwaka 1876. Chukua 1293, ongeza 33, toa 1, unapata 1325, ambao ni takriban 1907. Wauzaji wengi, hata wenye maduka, hukosea hapo na kuifanya sarafu izeeke miaka thelathini bila sababu.

Kwa maelezo yako naweza kukisia baadhi. Zile kubwa za fedha zenye mwanamke huenda ni reale za Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na sarafu yake imeendelea kupigwa na tarehe hiyo hiyo hadi leo, mjini Vienna na kwa vipindi tofauti London, Paris, Roma, Brussels, Birmingham na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani za Bahari ya Shamu na Uhabeshi hawakuamini nyingine. Tarehe yake basi haithibitishi umri. Iliyo halali ina uzito wa gramu 28.07, upana wa milimita 39.5 hadi 41, fedha asilimia 83.3, na kwenye ukingo kuna maandishi yaliyoinuka IUSTITIA ET CLEMENTIA yenye mapambo kati ya maneno. Ukingo ukiwa laini, una shida. Angalia pia juu ya kichwa kama kuna dalili za kuchomelea au kuzibwa tundu, maana nyingi zilivaliwa kama mapambo, na iliyotobolewa huthaminiwa karibu na madini yake tu. Kama mwanamke huyo ana taji na upana ni kama milimita 30, hiyo si reale bali ni rupia ya India ya Malkia Victoria, gramu 11.66.

Zenye tundu zinaweza kuwa senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, zile zenye pembe za ndovu, au heller, yaani sarafu ndogo za Afrika Mashariki ya Kijerumani, za kabla ya Vita vya Kwanza. Hapa kuna hadithi inayozunguka sana. Utakuta senti ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyetawala kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo kisha akajiuzulu. Watu hufikiri utawala mfupi maana yake ni sarafu adimu. Sivyo. Kwa kuwa sarafu yenye tundu haina nafasi ya kichwa cha mfalme, hapakuwa na picha ya kusubiri, jina likawekwa na zikapigwa kwa wingi. Ni sarafu nzuri ya kuwa nayo, ila haitaezeka nyumba.

Zenye Kiarabu upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili ni pesa za shaba za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, za 1890 hadi 1892. Zilizochakaa ni za kawaida. Zilizobaki na wekundu wa shaba mpya ni jambo jingine kabisa, na ndizo hasa ambazo jamaa huzimaliza kwa ndimu.

Sarafu mbili za manjano zisiumwe meno, zisikunwe kwa tupa, wala zisipelekwe kutiwa asidi. Pima. Pauni ya dhahabu ya Uingereza ina gramu 7.99, upana milimita 22.05 na unene milimita 1.52, nusu yake ina gramu 3.99 na milimita 19.3. Sarafu ya shaba nyeupe au ya njano yenye upana huo haiwezi kufikia uzito huo bila kunenepa, na hapo ndipo bandia nyingi zinapojitoa. Kuna pia vidude vya njano vilivyoandikwa SPIEL-MARKE au vyenye kufanana na sarafu za dhahabu. Hivyo ni vihesabio vya mchezo wa karata, si sarafu. Lakini ukikuta ndovu mbele ya mlima, mwaka 1916 na herufi ndogo T, simama hapo. Hiyo ingekuwa rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora wakati wa vita, gramu 7.17, na inaigizwa mno. Heller 20 na heller 5 za Tabora za mwaka huo huo ni za shaba nyekundu au ya njano, zimepigwa kwa haraka na hazivutii macho, nazo zina tofauti nyingi ndogo za chapa ambazo wakusanyaji huzitafuta. Usizitupe kwenye lundo la takataka kwa sababu ya ubaya wa sura.

Kipimo cha maji husaidia kwa sarafu kubwa za fedha. Weka glasi ya maji safi juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba utakayoisoma ni ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Reale ya gramu 28.07 inapaswa kusoma karibu 2.75, yaani msongamano wa takriban 10.2. Ikisoma 3.15 msongamano ni 8.9, na hapo ni aloi ya shaba na nikeli. Mapovu ya hewa yaliyonata kwenye sarafu huongeza namba na kuifanya halali ionekane bandia, kwa hiyo izamishe taratibu. Kausha kwa kugusisha kitambaa laini bila kusugua. Kwa pauni ya dhahabu kipimo hiki hakifai sana kwenye mizani ya 0.01, maana ujazo wake ni kama 0.45 tu na kosa la tarakimu moja huyumbisha jibu.

Sumaku ni ya haraka zaidi. Fedha, dhahabu, shaba na aloi ya shaba na nikeli havivutwi. Chuma na nikeli tupu huvutwa. Rupia ya India ya mwaka 1947 itaruka kwenye sumaku, kwa kuwa ni ya nikeli, wakati zile zilizotoka kabla ya 1940 ni fedha asilimia 91.7. Miaka mingine ya kushika kichwani: Uingereza ilipiga fedha ya asilimia 92.5 hadi 1919, ya asilimia 50 kuanzia 1920 hadi 1946, kisha ikaacha. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25 tu, na za kuanzia 1948 hazina kabisa. Robo dola na nusu dola za Marekani hadi 1964 ni asilimia 90. Kutokuvutwa hakuthibitishi kitu, kuvutwa ndiko kunakokanusha.

Andika kila sarafu kwenye jedwali moja: namba yake, nchi, thamani, mwaka kama ulivyoandikwa na kama ulivyobadilishwa, mtawala, alama ya kiwanda (herufi ndogo kama H, KN, SA, A au J), metali, uzito, upana, aina ya ukingo, hali, ilikokuwa sandukuni, na maneno ya bahasha neno kwa neno. Namba hiyo hiyo iandike kwenye kifuko kabla ya kuingiza sarafu, si baada. Katalogi ya Numista mtandaoni ni ya bure na inakuwezesha kutafuta kwa nchi, uzito na upana. Kwa sarafu mia nne usijaribu kumaliza kwa siku moja. Macho yakichoka, 3 inakuwa 8.

Kuhusu hali ya sarafu, angalia sehemu zilizoinuka zaidi, maana ndizo huchakaa kwanza: nywele juu ya sikio la mfalme, manyoya ya shingo ya simba kwenye shilingi. Kipimo cha kimataifa kinakwenda kutoka 1 hadi 70, na 60 kwenda juu ni zile ambazo hazijatumika. Huna haja ya kutoa namba. Gawa tu kwa mafungu: imechakaa, wastani, nzuri, haijatumika.

Bei ndiyo inayowapotosha wengi. Sakafu ni madini: uzito mara kiwango cha fedha mara bei ya gramu ya siku hiyo. Kumbuka wakia ya madini ya thamani ni gramu 31.1, si 28.35. Rupia moja ya Victoria ina fedha tupu gramu 10.69. Juu ya sakafu hiyo kinachoamua ni uadimu, hali na idadi ya wanaoitaka. Umri peke yake hauamui. Zipo sarafu za shaba za Kirumi zenye miaka zaidi ya 1,600 ambazo ni rahisi kuliko shilingi adimu ya juzi. Bei anayoitaja muuzaji mtandaoni ni ombi lake tu, kwa hiyo tafuta bei zilizokwisha kulipwa kwenye minada. Bei ya katalogi nayo si bei ya kununuliwa, kwani mfanyabiashara lazima abakize faida yake. Omba makadirio kwa watu watatu tofauti, mbele yako, bila kumwachia yeyote sanduku. Na usimruhusu mtu "achukue tano anazozipenda" kwa bei nono. Atakuwa amechukua zile tano zinazobeba mkusanyiko mzima.

Kuzituma sarafu kwa kampuni za uthibitisho kama PCGS au NGC kuna maana kwa chache tu, zile ambazo ada na usafirishaji ni sehemu ndogo ya thamani yake: dhahabu ya Tabora, reale ya Barghash ya 1299, au senti za Zanzibar za 1908. Senti za kawaida hazistahili.

Sasa rudi kwa ndugu zako. Sawa kwa sawa kwa kuhesabu vipande haiwezi kuwa haki, kwa sababu inawezekana kabisa sarafu sita zikawa na thamani kuliko mia tatu tisini na nne zilizobaki. Mkiwa na jedwali lenye makadirio, mnaweza kugawa kwa thamani, au mmoja anayezipenda akazichukua zote na kuwafidia wengine, au mkauza zile chache na kugawana pesa huku zilizobaki zikikaa pamoja. Seti iliyokamilika ya miaka mfululizo isivunjwe, maana ikivunjwa hulipwa kama vipande. Jedwali hilo pia apewe msimamizi wa mirathi kabla ya chochote kuuzwa. Na kama kuna bahasha inayosema sarafu ilichimbwa ardhini au kutolewa kwenye magofu, itenge. Nchi nyingi zina sheria za mambo ya kale kuhusu umiliki na usafirishaji wake, na ni bora kuuliza mamlaka husika kabla ya mnunuzi kuuliza.

Kwa zitakazokushinda kutambua, piga picha pande zote mbili na ukingo, mwanga ukitokea pembeni kwa chini ili maandishi yaliyofifia yatupe kivuli, sarafu ikiwa nje ya kifuko. Andika uzito, upana na kama sumaku imeivuta. Eleza pia ukiigeuza kama ukurasa wa kitabu upande wa pili unakaa wima au kichwa chini. Kwa hayo matano, sarafu nyingi hutambulika hata pale ambapo hakuna herufi inayosomeka.